Mbavu kwenye jiko la moshi: 225 ni namba ya nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina banda la nyama choma hapa Masasi. Fundi wa kuchomelea amenitengenezea jiko la pipa la lita 200, lina mfuniko, bomba la moshi na kipimajoto kwenye mfuniko. Nataka kuuza mbavu za ng'ombe na za mbuzi zilizopikwa kwa moshi, kama Wamarekani ninaowaona kwenye video. Karibu wote wanasema jiko liwe 225. Napata tabu sana kufika hapo, na nikifika, mbavu zinakuwa nyeusi ndani ya saa moja, halafu ukitafuna ni ngumu. Joto sahihi ni lipi? Na je, kuni za mkorosho zinafaa, maana huku ndizo zimejaa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa jiko. Tuanze na hiyo 225, maana ndiyo iliyokuunguzia nyama. Wamarekani hupima joto kwa Farenhaiti. Kipimajoto ulichofungiwa wewe nina hakika kinasoma Sentigredi, kwa sababu kingekuwa cha Farenhaiti mbavu zako zisingekuwa nyeusi ndani ya saa moja. Kiangalie usoni utaona herufi C, au mistari miwili ya namba, mmoja wa C na mwingine wa F. Hesabu yake ni hii: toa 32 kwenye 225, unabaki na 193, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9, unapata 107. Hao wa kwenye video wanapika kwenye nyuzi 107 za kwetu, joto lililoyapita kidogo tu maji yanayochemka. Wewe umepika kwenye joto la tanuri la mikate, ndiyo maana ulihangaika kulifikia na mkaa ukakuishia.

Jibu fupi nakupa sasa hivi, ili kama una wateja jioni hii usisubiri mpaka mwisho. Mbavu za ng'ombe, jiko liwe kati ya nyuzi 120 na 130, kwa muda wa saa tano hadi saba, na usizitoe mpaka ndani ya nyama pafike 93 hadi 95. Mbavu za mbuzi, jiko kati ya 115 na 120, muda wa saa mbili na nusu hadi tatu na nusu, ndani pafike 90. Namba hizi na zote zinazofuata ni za Sentigredi.

Sasa sababu, maana ukizijua utaweza kuamua mwenyewe siku jiko litakapokataa kutulia.

Ubavu una nyama yenyewe, una mafuta, na una zile tishu nyeupe zinazoishikilia nyama kwenye mfupa. Tishu hizo kwa sehemu kubwa ni protini iitwayo kolajeni. Nyama huanza kujibana na kukamua maji yake joto la ndani likikaribia 60, na ikifika 70 maji mengi yameshatoka. Kwa kipande laini cha sarara huo ni mwisho, unakitoa unakula. Kwa mbavu haiwezekani, kwa sababu kolajeni bado imekaza. Hiyo huanza kulegea taratibu ikipita 70, na huyeyuka vizuri kati ya 80 na 95, ikageuka jelatini, ule uteute unaonatisha midomo ukinywa supu ya makongoro. Uteute huo ndio unaorudisha ulaini kwenye nyama iliyokwisha kupoteza maji. Lakini hautoki kwa joto peke yake. Unataka joto pamoja na muda, nyama ikae kwenye hizo themanini na tisini kwa kitambo.

Mbavu zako zilikuwa na joto la kutosha nje na hazikupata muda ndani. Ulipoziona nyeusi ukazitoa, na pengine ndani zilikuwa 75 au 80. Hapo ndipo nyama ya ubavu huwa ngumu kuliko wakati mwingine wowote, maana maji yameondoka na kolajeni haijayeyuka. Mteja akikuambia nyama hii haijaiva, anasema kweli, hata kama haina tone la damu.

Utaniuliza, kama wao wanapika kwenye 107, kwa nini nakupandisha mpaka 120 na zaidi? Kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe wa Marekani aliyekusudiwa kuchomwa hulishwa nafaka miezi kadhaa kabla ya kuchinjwa, na mafuta yanaingia katikati ya nyama, unayaona kama michirizi myeupe. Nyama ya namna hiyo inaweza kukaa saa nane, tisa, ndani ya hewa kavu ya moto na bado ikabaki na kitu. Ng'ombe wetu ni zebu, yule mwenye nundu, wa malisho, ametembea, wengine wameletwa na wafugaji kutoka pande za Liwale na Nachingwea, na mafuta yake yako nje ya nyama na kuzunguka figo. Ukimweka kwenye 107, muda wa kungoja kolajeni iyeyuke ndio huohuo unaomkausha. Kwenye 120 hadi 130 unaufupisha huo muda bila kuunguza nje. Na usione umeacha njia ya wenyewe: hata Texas, ambako mbavu nene za ng'ombe zinaheshimiwa sana, wapishi wengi hupika kati ya 121 na 135.

Juu ya 140 mambo huanza kuharibika. Mafuta machache uliyonayo yanadondoka upesi, viungo vinaungua, na kama umepaka kitu chenye sukari au asali kitakuwa cheusi na kichungu kabla ndani hapajafika 80. Chini ya 100 nako usiende. Nyama itakaa muda mrefu mno kati ya nyuzi 4 na 60, joto ambalo vijidudu huzaliana kwa kasi. Nyama inatakiwa ivuke hapo katikati ndani ya saa nne, na jiko la 90 lenye upepo linaweza kukukwamisha.

Jambo la pili baada ya hiyo 225 ni mahali kipimajoto chako kilipo. Fundi amekitoboa juu ya mfuniko kwa sababu ndiko kunakoonekana. Hewa ya moto hupanda, na kama tundu liko upande wa makaa, utasoma joto la sehemu ambayo hakuna nyama. Tofauti ya nyuzi 20 au zaidi kati ya mfuniko na wavu ni ya kawaida kabisa. Nunua kipimajoto cha pili, kile cha sindano, kisha chukua kipande kinene cha muhogo mbichi, pitisha sindano katikati yake mpaka ncha itokeze upande wa pili, ukilaze kwenye wavu kando ya ubavu, ncha isiguse nyama wala chuma. Hilo ndilo joto la kufuata. Ukishapika mara chache utajua kwamba mfuniko ukisoma, tuseme, 145, kwenye wavu ni 125, na baada ya hapo unaweza kuufuata mfuniko.

Kabla ya hayo yote kihakikishe kipimo chenyewe. Kitie kwenye bilauri iliyojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo, kisome 0. Kitie kwenye maji yanayochemka. Huku Mtwara mjini, usawa wa bahari, kisome 100. Masasi mko juu mita mia kadhaa, kwa hiyo maji yenu huchemka kwenye 98 au 99, na wa Newala kule juu ya uwanda wa Makonde wataona chini zaidi ya hapo. Hapo kipimo hakina kosa. Lakini kikisoma 90, au 106, jua tofauti hiyo iko kwenye kila kitu utakachopika, ama uihesabu ama ununue kingine.

Kuhusu moto wenyewe, swali la kwanza kwangu ni pipa lilibeba nini. Kama lilikuwa la mafuta ya kula, vizuri. Kama lilikuwa la dawa za mashambani, usilipikie chakula hata likichomwa namna gani. Kama lilikuwa la vilainishi, liwashie moto mkali wa kuni ndani, mfuniko wazi, mpaka rangi yote iungue, ulikwangue, ulisugue, ndipo uanze.

Makaa yakae upande mmoja wa pipa, nyama upande mwingine, na bomba la moshi liwe upande wa nyama ili joto na moshi vilazimike kupita juu yake kabla ya kutoka. Chini ya nyama weka sinia la maji. Linapokea mafuta yasidondokee motoni, linatuliza joto, na linaipa hewa unyevu. Mafuta yakidondokea makaa hutoa moshi mchafu wenye kemikali zisizofaa mwilini na ladha ya masizi, na ndiyo maana nyama choma ya kawaida, iliyo juu ya moto moja kwa moja, ni pishi jingine kabisa.

Joto unalitawala kwa tundu la chini la kuingiza hewa. Bomba la juu liache wazi muda wote, moshi ukae ukipita. Ukilifunga, moshi unatuama na kuigandia nyama lami chungu. Ukitaka kupandisha joto fungua tundu la chini kidogo, upana wa kidole, kisha ngoja dakika kumi na tano. Wengi hawangoji. Wanafungua, wanaona sindano haijasogea, wanafungua zaidi, halafu joto linaruka mpaka 160 na sasa wanahangaika kulishusha. Kushusha ni kazi kubwa kuliko kupandisha, kwa hiyo siku zote lisogelee 120 ukitokea chini. Likicheza kati ya 115 na 130 liache, nyama haitajua. Na kila ukiinua mfuniko kutazama unamwaga joto lote na unawapa makaa hewa, yanashika kwa nguvu, kisha unajikuta kwenye 150. Siku za upepo geuza jiko ili tundu la hewa lisielekee uelekeo wa upepo. Wenzako wanaopika ufukweni Mikindani au Shangani msimu wa kusi wanalijua hilo vizuri.

Mkaa wetu wa miti huungua haraka, hivyo utaongeza takriban kila baada ya saa moja. Uongeze ukiwa umeshawaka. Kuwa na jiko dogo pembeni, washa humo, ukishapata majivu meupe juu yake ndipo uhamishie kwenye pipa kwa koleo. Mkaa mbichi ukiutupa juu ya moto hutoa moshi mzito dakika za mwanzo, na nyama huumeza wote.

Sasa mkorosho. Maganda ya korosho usiyaweke hata kidogo, iwe kuwashia au kuongeza moto. Yana yale mafuta makali yanayobabua mikono ya wabanguaji, na moshi wake unaumiza macho, koo na ngozi. Mkaa wa mkorosho hauna tatizo, kwa sababu utomvu na kila kinachotoa moshi kilishaungulia kwenye tanuri. Kuni zake kwa ajili ya moshi wa chakula mimi sizitumii na sikushauri. Gome lake lina utomvu unaowasha, na matawi mengi mnayopata huko ni ya mashamba yanayopuliziwa salfa na viuatilifu vingine dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Hakuna anayeweza kukuambia tawi lile lilipuliziwa lini.

Mti mzuri wa moshi kwako ni mpera. Moshi wake ni mtamu, mwepesi, na matawi yanapatikana kila mtaa. Mkwaju ni mgumu, unawaka polepole, na unafaa zaidi kwa ng'ombe. Vifuu vya nazi vina moto mkali, vifae kuongeza joto, na makumbi yanatoa moshi mwingi kwa muda mfupi, kwa hiyo kidogo sana, mwanzoni tu. Usichukue vumbi na vipande vya mpingo kwa wachongaji hata wakikupa bure, vumbi la mpingo linajulikana kwa kuwasha ngozi na kifua. Mikoko imelindwa kisheria, iache baharini. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, na mabaki ya mbao za gundi kutoka kwa mafundi samani, zikae mbali na chakula.

Kiasi ni kidogo kuliko unavyodhani. Vipande vitatu vya mpera mkavu, unene wa kifundo cha mkono na urefu wa kiganja, kimoja kimoja, vinatosha mbavu za mchana mzima. Visilowekwe. Mti uliolowa hutoa kwanza mvuke, kisha moshi mweupe mzito, na moshi mweupe ni mti usioungua vizuri. Unaoutaka ni mwembamba, wa rangi ya samawati, unaouona vizuri ukiutazama mbele ya kitu cheusi. Simama kwenye bomba uunuse kwa mbali: ukinusa harufu nzuri endelea, ukitokwa machozi fungua hewa moto ushike. Nyama huushika moshi vizuri ikiwa baridi na uso wake una unyevu, ndiyo maana moshi wote uwe wa saa mbili za mwanzo. Baada ya hapo makaa peke yake yanatosha.

Nyama nayo ina lake la kudai. Wengi mnanunua nyama iliyochinjwa alfajiri na kuipika mchana huohuo. Mnyama akichinjwa, misuli yake hukakamaa kwa saa nyingi kabla ya kulegea tena, na ng'ombe huchukua siku nzima au zaidi. Ukiipika katikati ya kukakamaa unaanza kazi ukiwa nyuma. Nunua leo, weka kwenye friji lenye nyuzi 4 au chini, pika kesho au keshokutwa. Kwa mbuzi usiku mmoja unatosha.

Muuza nyama mwambie asipige shoka. Unataka ubavu mzima, mifupa minne au mitano imeungana, na zile za upande wa kidari ndizo zenye nyama. Vikikatwakatwa vipande vidogo vinakauka pande zote, na chenga za mifupa zitamvunja mteja jino. Nyumbani geuza upande wa ndani, ingiza ncha ya kisu chini ya ule utando unaong'aa kwenye mfupa wa mwisho, ushike kwa kitambaa kikavu uuvute. Ukikosa kushika uukwaruze misalaba kwa kisu. Utando huo hauyeyuki.

Chumvi gramu 15 kwa kila kilo ya nyama, ipakwe jioni ya kuamkia siku ya kupika, pamoja na pilipili manga na kitunguu saumu kilichotwangwa. Ndimu iache mpaka mezani. Ikikesha kwenye nyama inaifanya uso wake uwe kama chaki, na moshi hauushiki vizuri.

Ukishaweka nyama jikoni, chomeka kipimajoto cha sindano katikati ya nyama nene, kisiguse mfupa, kwa kuwa mfupa hukudanganya. Utaona kinapanda vizuri mpaka karibu 65 au 70, halafu kinasimama. Kinaweza kusimama saa nzima, hata mbili, na mara nyingine kinashuka nyuzi moja au mbili. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, wanadhani moto umekufa, wanarundika mkaa. Moto haujafa. Nyama inatoa jasho, na jasho likikauka linaipooza, kwa sababu ileile inayofanya maji ya mtungini yawe baridi. Unyevu wa juu ukipungua, joto litaanza kupanda tena lenyewe.

Kwa nyama konda ya kwetu siingoji. Ikisimama na rangi ya nje ikiwa hudhurungi iliyokolea, ukikwaruza kwa ukucha viungo havibanduki, ninaifunga. Foili inafaa, lakini kwa Masasi nakupa kitu bora: jani la mgomba. Chukua majani mawili mapana, toa uti wa kati, yapitishe juu ya makaa sekunde chache kila upande mpaka yabadilike rangi na kulegea, vinginevyo yatapasuka. Weka ubavu, nyunyizia vijiko vichache vya maji ya ukwaju au mchuzi wa mifupa, kunja, funga kwa kamba ya mgomba, rudisha jikoni upande wa mfupa ukiwa chini. Jani linazuia jasho lisipotee lote ila linaruhusu kidogo litoke, hivyo ganda la nje halilainiki mno kama kwenye foili, na harufu yake inakubaliana na moshi wa mpera. Joto la jiko liache pale pale, 120 hadi 130.

Ikifika 90 anza kukagua kila baada ya dakika ishirini. Namba inakuambia uanze kutazama, na nyama yenyewe inakuambia uitoe. Chomeka kijiti cha meno kati ya mfupa na mfupa: kikiingia bila kukwama, tayari. Inua ubavu kwa koleo katikati, ncha zining'inie. Ukijikunja na uso ukaanza kupasuka, tayari. Utaona pia nyama imejivuta na kuacha mfupa wazi kama sentimita moja. Ng'ombe mzee anaweza kudai mpaka 96. Wa umri mdogo hukubali kwenye 92. Nyama ikidondoka yenyewe kutoka kwenye mfupa umepitiliza, bado inalika ila itakuwa nyuzinyuzi.

Mbuzi ana tofauti moja kubwa, mbavu zake ni nyembamba. Mfupa unakaribia uso pande zote, mafuta ni machache, na ukikosea nusu saa umepata kitu cha kukwaruza. Ndiyo sababu ya 115 hadi 120, mbali kabisa na makaa, upande wenye nyama ukiwa juu. Mpulizie maji ya ukwaju mepesi kila baada ya dakika arobaini kwenye saa ya kwanza na nusu, kisha mfunge mapema, ndani pakifika 70. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, juisi yake iliyochujwa inafaa hapo kuliko ukwaju. Beberu mzima sikushauri kabisa kwa jiko hili. Tafuta mbuzi ambaye hajazidi mwaka.

Kama kuna wateja wanaokuulizia kitimoto, joto la jiko ni lilelile la 120 na ndani 90 hadi 93, joto linalowaua minyoo tegu na wengine wote kwa mbali. Lakini kipikwe kwenye jiko lake, kwa kisu chake na ubao wake, mahali pake. Wateja wako wengi wanakula halali na wana haki ya kutokuwa na wasiwasi juu ya wavu wako.

Kwa biashara, panga kurudi nyuma kutoka saa ambayo watu wanaanza kuja. Tuseme ni saa kumi na mbili jioni. Mbavu zinataka kupumzika nusu saa hadi saa moja zikiwa zimefungwa kwenye jani lake, ndani ya hotipoti kubwa yenye mfuniko mzito, ili uteute utulie usimwagike unapokata. Kwa hiyo ziwe tayari saa kumi na moja, na ziingie jikoni kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mbuzi waingie saa nane mchana. Moto uwashwe dakika arobaini na tano kabla, nyama isiwekwe mpaka joto limetulia kwenye 120. Kipindi cha mauzo ya korosho, kuanzia Oktoba, wateja wanapokuwa wengi, kishawishi cha kukaza moto ili zitoke mapema kitakuwa kikubwa. Ni heri kuanza saa moja mapema.

Mwisho ni usalama, maana neno moshi linawapotosha watu. Samaki aliyekaushwa kwa moshi siku kadhaa mpaka akawa mkavu ni kitu kingine, huyo anadumu kwa sababu hana maji. Mbavu hizi zimepikwa na zimejaa unyevu, zinaharibika kama nyama yoyote. Ndani ya hotipoti zisishuke chini ya 60, zipime. Zikishuka, una saa mbili za kuziuza au kuzipooza, na kwenye banda lenye joto la nyuzi 32 na zaidi, jambo la kawaida kwenu mwezi wa Novemba, ni saa moja tu. Zilizobaki zitenganishe mfupa mmoja mmoja zipoe haraka, zifunge, ziingie friji usiku huohuo. Kesho zirudishe kwenye jani pamoja na vijiko vya mchuzi, jiko la 120, mpaka ndani pafike 74, na uziuze siku hiyo. Usizipashe mara ya pili.